"Sioni kiambatisho chako": matatizo ya lugha ya viambatisho kwenye barua pepe za kazi, na jinsi ya kuyatatua

Ofisi ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam hupokea barua pepe kutoka kwa wazabuni, wauzaji na waombaji kazi kila siku, na karibu kila moja ina kitu kilichoambatishwa: ankara, mkataba, muhtasari wa kikao, wasifu. Mambo yakikwama watu husingizia mtandao. Kwa niliyoyaona, mara nyingi kosa limo kwenye ile sentensi moja inayotaja kiambatisho. Kwa hiyo naanzia kwenye jibu ulilopata. Tazama mpokeaji amesemaje, au amenyamaza vipi, kisha soma sehemu inayofanana na hali yako.

"Sioni kitu"

Chanzo cha kwanza kila mtu anakijua: umesahau kuambatisha. Usitume faili peke yake bila neno, wala usiandike aya nzima ya kujitetea. Andika hivi:

"Samahani, ujumbe wangu wa saa 4 asubuhi umekuja bila ankara. Naituma sasa. Tafadhali tumia ujumbe huu, ule wa kwanza uuache."

Maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Bila hayo mpokeaji anabaki na barua mbili zinazofanana, na ya kwanza inaweza ndiyo ikachapwa na kuwekwa kwenye jalada. Kama unatumia Gmail, nenda kwenye mipangilio uongeze muda wa kutengua ujumbe uliotumwa. Unaweza kuchagua sekunde 5, 10, 20 au 30, weka 30. Wengi wetu tunakumbuka kiambatisho sekunde chache tu baada ya kubonyeza.

Chanzo cha pili hakijulikani sana, nacho ni wakati wa kitenzi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika, "Nitaambatisha makadirio ya bei kwa ajili ya kazi hii." Makadirio yenyewe nilikuwa nimeshayaweka. Ofisa ununuzi wa upande wa pili akasoma ile *-ta-*, akaelewa kwamba yanakuja baadaye, akafunga ujumbe bila kuteremka hadi chini. Siku ya tatu akanipigia simu: "Ndugu yangu, makadirio yako unatuma lini?" Sikuwa na la kumjibu. Barua yangu ilimwambia nitatuma, naye akasubiri.

Kwenye jambo hili Kiswahili kina usahihi mkubwa, na inafaa kuutumia. "Nimeambatisha" husema kitendo kimekamilika na matokeo yake yapo mbele yako sasa hivi. Ndiyo sentensi ya kutumia kila faili linapokuwa kwenye ujumbe uleule. "Naambatisha" nayo ni sahihi na inasikika vizuri kwenye barua rasmi. "Niliambatisha" humrudisha msomaji nyuma, kwenye ujumbe mwingine, kwa hiyo lazima ifuatane na tarehe: "Niliambatisha rasimu kwenye ujumbe wangu wa tarehe 3 Machi." Ukiiacha bila tarehe anaanza kupekua. "Nitaambatisha" ni ahadi. Iandike pale tu faili lisipokuwepo kweli, na useme lini litakuja.

Chanzo cha tatu ni "hapo chini" na "hapo juu". Gmail huonyesha viambatisho mwishoni mwa ujumbe. Outlook huvionyesha juu, karibu na kichwa cha habari. Kwenye simu, picha inaweza kutokea katikati ya maandishi, mahali palepale ulipoibandika. Kwa hiyo "angalia kiambatisho hapo chini" ni maelekezo ya skrini yako wewe. Andika "kwenye barua pepe hii" na utaje jina la faili.

Halafu kuna huyu anayeingizwa kwenye mazungumzo katikati. Mmeandikiana mara sita kuhusu mkataba, mara ya saba mnamwongeza mhasibu, nawe unaandika "rejea kiambatisho". Mhasibu hana kiambatisho. Ukibonyeza Jibu, maandishi ya zamani huja pamoja na jibu lako lakini mafaili ya ujumbe wa awali hubaki nyuma. Huandamana na ujumbe pale unapousambaza kwa mtu mwingine. Tiba yake ni sentensi moja na faili lenyewe: "Nauambatisha tena mkataba kwa ajili ya wenzetu wa uhasibu walioungana nasi leo."

Na akikuambia ameona faili linaloitwa winmail.dat ambalo hulijui, hapo kweli si lugha. Outlook yako imetuma ujumbe kwa muundo wake wa maandishi yenye madoido, na programu ya mpokeaji haiusomi. Badilisha muundo uwe HTML au maandishi matupu, utume upya.

"Nimepata, ila unamaanisha upi?"

Jibu hili linaudhi kwa sababu unaona umeeleza kila kitu. Soma tena sentensi yako kwa jicho la upatanisho wa ngeli.

Chukua mfano huu: "Tafadhali saini mkataba na jedwali nililoambatisha." Mwandishi ameambatisha vyote viwili. Lakini *-lo-* ni ya jedwali peke yake. Msomaji makini anaelewa kwamba jedwali limo humu na mkataba uko mahali pengine, labda utaletwa na mtu wa mapokezi. Atasaini jedwali, mkataba atausubiri. Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na kila mara pande zote mbili ziliamini kwamba mwenzake ni mzembe.

Tiba ni kutanguliza jina moja linalovifunika vyote, kisha kuvitaja: "Tafadhali saini nyaraka 2 nilizoambatisha: mkataba na jedwali la malipo." Sasa *-zo-* inashika zote, na idadi iko wazi. Unaweza pia kusema "viambatisho vifuatavyo" ukaendelea. Nashauri idadi itajwe kila mara, hata ikiwa ni moja. Mpokeaji akisoma "nyaraka 3" na kuona mbili, atakuuliza siku hiyohiyo.

Kuna mtego mdogo unaofanana na huo: "Barua ya madai niliyoambatisha." Hapa *-yo-* inaweza kushika barua, inaweza kushika madai yenyewe. Kwenye mazungumzo ya kawaida haidhuru. Kwenye bima au mgogoro wa malipo inadhuru, kwa sababu barua ni ukurasa mmoja na madai ni orodha ya vitu. Geuza sentensi: "Nimeambatisha barua ya madai (ukurasa 1) na orodha ya vitu vinavyodaiwa (kurasa 4)."

Kwa wanaoandika haraka, haya ndiyo makosa ya upatanisho ninayokutana nayo sana. "Nyaraka hii": nyaraka ni wingi, mmoja ni waraka, kwa hiyo sema waraka huu, nyaraka hizi. "Kiambatisho hizi": kiambatisho hiki, viambatisho hivi. "Mkataba ambayo nimeambatisha": mkataba ambao, au kwa ufupi mkataba nilioambatisha. Kuhusu faili, utasikia faili hili na mafaili haya, utasikia pia faili hii na faili hizi. Chagua mojawapo, usizichanganye ndani ya barua moja.

Kisha angalia jina la kitu chenyewe, maana mipaka ya nchi ina mambo yake. Msomaji wa Dar akiona "nimeambatisha stakabadhi" anatafuta risiti ya malipo. Kenya neno hilo hubeba pia maana ya nyaraka kwa jumla: stakabadhi za usafiri, stakabadhi za mahakama. Mwandishi wa Mombasa akituma "stakabadhi za mzigo" kwa wakala wa Dar, wakala anaweza kudhani malipo yameshafanyika. Ukiandikia upande wa pili wa mpaka, taja hati kwa jina lake: ankara, risiti, hati ya kupokelea mzigo, kibali. Vivyo hivyo kwa waombaji kazi: Kenya utakuta "wasifukazi", Tanzania watu wengi husema "wasifu" au "CV" moja kwa moja. Tumia neno lililotumika kwenye tangazo la kazi.

Neno "nakala" nalo lina kazi nyingi mno. "Nimekutumia nakala" inaweza kuwa na maana kwamba jina lake limo kwenye orodha ya wanaopewa nakala ya ujumbe, au kwamba umempa kivuli cha hati, au kwamba mkataba una nakala mbili na hii ni yake. Sema "nakala ya cheti iliyothibitishwa na wakili", "mkataba halisi", "nakala tepe ya ripoti" (yaani faili la kompyuta, si karatasi). Ukikusudia kwamba umemweka tu kwenye orodha, sema hivyo: "Nimekuweka kwenye nakala ili ufahamu yanayoendelea."

Na jina la faili. Sentensi inasema "ankara ya Machi", faili linaitwa scan0004. Mpokeaji akilishusha, kesho yake halipati tena kwenye kompyuta yake. Jina la faili na jina lililo kwenye sentensi yawe yaleyale. Kama ni rasimu, weka namba ya toleo na uitaje: "Hili ni toleo la 3, linachukua nafasi ya toleo la 2 nililotuma Jumanne." Maneno kama "ya mwisho mpya" hayamsaidii mtu, kwa sababu kila rasimu ilikuwa ya mwisho siku ilipotumwa.

Kimya

Umetuma, kiambatisho kimefika, wiki imekwisha, hakuna jibu. Angalia kama barua yako inafanana na hii:

> YAH: ANKARA
>
> Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.
>
> Tafadhali pata kiambatisho.
>
> Asante kwa ushirikiano.

Barua kama hii zinakuja kila siku. Aliyeiandika ana adabu na amefuata mazoea ya ofisi. Lakini mpokeaji hajui ni ankara gani, ya kiasi gani, wala anatakiwa kufanya nini. Akiwa na barua arobaini zinazomsubiri, hii anairuka, kwa sababu kuielewa kunamlazimu afungue faili kwanza. Ilinganishe na hii:

> YAH: ANKARA NA. 118, MATENGENEZO YA VIYOYOZI, MACHI
>
> Ndugu Mhasibu,
>
> Nimeambatisha nyaraka 2 kwa ajili ya malipo:
>
> 1. Ankara Na. 118 ya Sh. 640,000 (ukurasa 1)
> 2. Hati ya kukamilika kwa kazi, iliyosainiwa na msimamizi wa jengo (kurasa 2)
>
> Naomba uzihakiki na kunijulisha tarehe ya malipo kabla ya Ijumaa. Ankara halisi yenye muhuri nimeiacha masijala leo asubuhi.

Mhasibu anaweza kuamua afanye nini bila kufungua kitu. Akiwa njiani na simu yenye bando dogo, bado anajua kilichomo.

Ofisi zetu zina maneno mafupi yanayomweleza mpokeaji wajibu wake, na yanatosha kabisa yakitumiwa kwa maana yake. "Kwa taarifa yako" ni kumjulisha tu, hadaiwi jibu. Ukiandika hivyo huku ukingoja saini, kimya chake ni utii. "Kwa maoni yako" unamtaka asome na kusema kitu, kwa hiyo mpe tarehe. "Kwa idhini yako" unaomba ruhusa, na kazi haiendelei mpaka ajibu. "Kwa saini na muhuri" hueleza kitendo chenyewe. Ongeza ukurasa anaotakiwa kusaini. "Kwa hatua zaidi" ndiyo tunayoipenda kuliko zote na ndiyo inayotuponza. Ndani ya ofisi moja, ambako mkuu na msaidizi wanajua utaratibu, inaeleweka. Kwa mtu wa nje haielezi hatua gani, na kila anayeipokea anaweza kuamini kwamba hatua hiyo ni ya mwingine.

Sina ugomvi na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Ni desturi, na kwenye barua inayopita masijala kichwa cha habari na namba ya kumbukumbu vina kazi. Hakikisha tu kwamba kichwa chenyewe kina habari ndani yake.

"Kimegoma kufunguka" na "Naambiwa niombe ruhusa"

Hapa teknolojia na lugha zinakutana. Gmail huruhusu viambatisho vya hadi MB 25. Ukizidisha, faili hupelekwa kwenye Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na mpokeaji hupata kiungo. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi. Utaratibu wa kuambatisha mafaili, MIME, ulitolewa mwaka 1992, nao hugeuza faili kuwa herufi kabla ya kulisafirisha: kila baiti 3 huwa herufi 4. Ndiyo maana faili la MB 20 hukaribia MB 27 likiwa njiani, na seva ya mpokeaji inaweza kulikataa ingawa kwako lilionekana dogo. Picha za mkataba zilizopigwa kwa simu ndizo wahalifu wakubwa. Zigeuze kuwa PDF moja iliyopunguzwa ukubwa.

Upande wa lugha ni huu: ukituma kiungo, usikiite kiambatisho. Mpokeaji atatafuta alama ya faili, hataiona, nanyi mtarudi kwenye "sioni kitu". Andika: "Michoro ni mikubwa, kwa hiyo nimeiweka kwenye kiungo hiki. Nimekupa ruhusa ya kuisoma kupitia anwani yako ya ofisi. Kiungo kitafungwa tarehe 30." Kutaja anwani ni muhimu, kwa sababu wengi hufungua kwa akaunti binafsi iliyo kwenye simu zao, kisha wakaombwa ruhusa na kukata tamaa.

Kama faili lina nywila, sema lina nywila na utaipeleka kwa njia gani: "Nywila nitakupigia simu kukutajia." Usiiandike kwenye ujumbe uleule.

"Kiswahili hiki kimekaaje?"

Hii ni ya rasimu inayorudi kutoka kwa bosi ikiwa na mistari ya kalamu nyekundu.

"Nimeambatana na wasifu wangu." Hili ndilo kosa kubwa kwenye barua za maombi ya kazi. Kuambatana ni kwenda pamoja: mgeni ameambatana na mwenyeji wake. Wewe hukusafiri na wasifu; umeuambatisha. Ukitaka kutumia *ambatana*, mtenda awe barua: "Barua hii imeambatana na nakala za vyeti vyangu."

Ambatisha na ambatanisha zote zinatumika ofisini, pamoja na kiambatisho na kiambatanisho. Mimi hutumia ambatisha kwa ufupi wake. Unayoichagua, ishike hadi mwisho wa barua, ili msomaji asidhani viambatisho na viambatanisho ni makundi mawili. Kiambato ni kitu kingine kabisa, ni kinachotiwa ndani ya dawa au chakula.

"Tafadhali pata kiambatisho" ni Kiingereza kilichohamishwa neno kwa neno. Mtu hupata baada ya kutafuta au kupewa, na kumwamrisha apate hakukai vizuri mdomoni. Anayeletewa kitu huambiwa apokee: "Tafadhali pokea ankara Na. 118." "Tafadhali tafuta kiambatisho" ni mbaya zaidi, inamtwika kazi.

Barua rasmi iliyoskaniwa na kutumwa kama faili ina ugumu wake, kwa sababu viambatisho viko ngazi mbili: barua imeambatishwa kwenye ujumbe, na barua yenyewe ina viambatisho vyake. Vya ndani vipe herufi, Kiambatisho A, Kiambatisho B, na chini ya saini andika "Viambatisho: 2". Kwenye ujumbe sema: "Nimeambatisha barua yetu Kumb. Na. fulani pamoja na Viambatisho A na B, vyote kwenye faili moja la PDF." Hapo hakuna atakayeuliza A iko wapi.

Wewe ndiye mpokeaji, na hukukiona

"Hujaambatisha" ni kauli ya kweli, lakini inamnyooshea mtu kidole, na huenda kosa ni la seva yenu. Kitaje kiambatisho, mwache mtu: "Nimepokea ujumbe wako wa leo, nashukuru. Kiambatisho hakijafika kwangu. Naomba unitumie tena." *Hakijafika* inaacha mlango wazi, bado kinaweza kufika; *hakikufika* inafunga hesabu. Kwa mtu anayekuzidi umri au cheo, ongeza "huenda kimebaki njiani". Na kama kimefika lakini hakifunguki, sema kimefika, ujumbe wa kosa unasemaje, na unatumia programu gani, ili asikutumie faili lilelile mara ya tatu: "Faili la mkataba limefika, ila likifunguliwa kurasa zote ni nyeupe. Natumia simu. Ukinitumia kama PDF nitalisoma leo hii."